Sili ya lami: ninunue mashine ya pampu ya gia au ya diaframu?

Mpakaji: Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi rangi, ila siku hizi wateja wananiita niwapakie sili nyeusi, yaani mipako ya kulinda lami, kwenye maegesho, ile emulsheni ya kuchanganya na maji. Nasambaza kwa brashi na mpira wa kusukumia, mgongo unalia. Nataka mashine ya kupulizia yenye tangi la lita 500. Kuna ya pampu ya gia, na kuna ya diaframu inayoendeshwa na kompresa, ambayo bei yake iko juu. Au nijaribu kwanza na mashine yangu ya rangi?

Kokoto: Utatia mchanga kwenye dawa, yaani hiyo sili, au hutii?

Mpakaji: Natia. Bila mchanga mvua ikinyesha panateleza.

Fundi Tangi: Basi umeshajijibu, mkuu. Ndani ya pampu ya gia, meno yanapitana kwa nafasi finyu sana. Mchanga ukipita hapo unayasaga, presha inashuka kidogo kidogo, mwisho dawa inadondoka badala ya kuruka. Diaframu ni utando unaovuta na kusukuma, punje zinapita bila ugomvi. Kinachochakaa ni utando na vali zake, na hivyo unabadilisha mwenyewe. Ya rangi iache ukutani, tundu la nozeli yake ni dogo mno, litaziba.

Ila wengi wanaangalia pampu wanasahau tangi. Mchanga hutuama. Muuzaji akikwambia "inajikoroga yenyewe", muulize vipi. Mara nyingi ana maana pampu inairudisha dawa tangini, na kwa dawa yenye mchanga hiyo haitoshi. Dai mapanga ya kukorogea yanayofika hadi chini. Halafu pima uzito: dawa ni nzito kuliko maji, lita 500 zinafika kilo 600 hivi, bado chuma na kompresa. Trela yako inabeba?

Mpakaji: Trela ipo, breki ndiyo sina uhakika nazo. Lita 500 zinapaka eneo gani?

Fundi Tangi: Kama mita za mraba 1,000 kwa koti moja, lami ikiwa laini. Makoti mawili, nusu yake. Lami iliyochakaa inakunywa zaidi.

Mama Sepeto: Na mpira usiutupe! Lami kuukuu yenye vitundu, koti la kwanza lisukume kwa mpira liingie ndani, la pili ndiyo upulizie. Kando ya kuta na magari vilevile. Upepo ukiwepo ahirisha, maana doa likikauka kwenye gari la mtu utajuta.

Mpakaji: Shukrani. Kusafisha je?

Fundi Tangi: Maji, kabla haijakauka. Ikishakauka ndani ya hosi haitoki kwa maji. Vua nozeli na chujio kila jioni, na ukienda kula ncha iache kwenye ndoo ya maji.