Kikundi cha Ukoo: Pafu la Twiga

Mama Twiga: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nipo wodini. Pafu la kushoto la mwanangu Twiga limenywea tena, upande uleule wa mwaka jana. Wamemwekea mpira ubavuni, sasa anapumua vizuri. Daktari anasema tunaweza kungoja pafu lijae mpira utolewe, basi, au afanyiwe operesheni lisinywee tena. Anataka jibu kesho asubuhi. Nishaurini.

Shangazi: Waaleikum salaam, pole sana wifi. Mwaka jana si alikaa tu nyumbani likajaa lenyewe? Leo kisu cha nini?

Baba Mdogo: Hata mimi. Kisu kiwe cha mwisho.

Dada Nesi: Shikamooni. Mwaka jana ilikuwa mara ya kwanza na pumzi haikumsumbua, kungoja kulikuwa sawa kabisa. Australia na New Zealand walifuatilia wagonjwa 316 wa mara ya kwanza, matokeo yakatoka 2020. Nusu walitolewa hewa kwa mpira, nusu wakaangaliwa tu. Hao wa kuangaliwa, baada ya wiki 8 zaidi ya 9 kati ya 10 mapafu yalikuwa yamejaa. Hewa iliyovuja kati ya pafu na kifua, mwili huinyonya wenyewe, polepole.

Shangazi: Si ndicho ninachosema!

Dada Nesi: Shangazi, hao ni wa mara ya kwanza. Vijana warefu wembamba kama Twiga huwa na vilengelenge juu kileleni mwa pafu, kimoja kikipasuka hewa inavuja. Mpira unatoa hewa ya leo, vilengelenge vinabaki palepale. Ikisharudi upande uleule, madaktari wengi hushauri pafungwe.

Binamu: Na sindano je? Jirani yetu alinyonywa hewa kwa sindano, jioni yuko kwake.

Dada Nesi: Nzuri, haiumizi kama mpira. Ila nayo inatoa hewa tu, haizibi.

Baba Mdogo: Hiyo operesheni wanafanyaje?

Dada Nesi: Matundu mawili matatu ubavuni, wanaingiza kamera. Wanakata vilengelenge, halafu wanakwangua utando wa kifua au kunyunyiza poda ya talki ili pafu ligande ukutani. Kurudi baada ya hapo ni nadra. Pasipo na kamera wanafungua kifua. Inaziba vizuri vilevile, ila maumivu ni zaidi na atalala siku nyingi. Mama Mdogo, uliza wao wanatumia ipi, na bima inalipa ipi.

Mama Twiga: 📷 Picha
Chupa ya maji ya mpira wake hiyo, bado inatoa mapovu. Nimeipandisha kitandani, wanapiga deki.

Dada Nesi: MAMA MDOGO ISHUSHE SASA HIVI! Ikae chini ya kifua chake saa zote, maji yasirudi ndani. Na mtu asiubane mpira mapovu yakiwa yanatoka, hata wakimpeleka eksirei. Hewa ikikosa njia itamkandamiza moyo.

Mama Twiga: Nimeshusha. Ya Rabi, mikono inatetemeka. Maji kwenye kimrija yanapanda akivuta pumzi, akitoa yanashuka.

Dada Nesi: Ndivyo yanavyotakiwa. Mapovu maana yake bado panavuja. Makohozi yamepimwa TB?

Mama Twiga: Yamepimwa, hana.

Dada Nesi: Alhamdulillahi. Angekuwa na TB mipango yote ingebadilika.

Kaka Muscat: Tiketi yake ya kuja huku ni wiki ijayo.

Dada Nesi: Isogeze, kaka. Hapandi ndege mpaka eksirei ionyeshe pafu limejaa, na baada ya hapo angalau wiki nzima ipite. Kupiga mbizi na mitungi ndiyo asahau.

Twiga: Shikamooni wote. Naandika kwa mkono mmoja. Mwaka mzima nikipiga chafya nashika ubavu. Usiku silali upande wa kushoto. Mama, naomba wafunge.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Na sigara?

Twiga: Nimeacha, Shangazi. Na shisha.

Dada Nesi: Hapo umejisaidia kuliko sisi sote humu.

Mama Twiga: Basi asubuhi nitamwambia daktari wafanye. Baba Mdogo, unasemaje?

Baba Mdogo: Mwenye kifua kashasema. Pesa ya juu ya bima niachieni mimi.

Shangazi: Napanda basi la saa kumi na mbili. Twiga, uji wa ulezi au wa mchele?

Twiga: Wa ulezi, Shangazi.