Kalemie nimsikilize nani, mkoa au Kinshasa?

MwanaUjiji: Wakuu, napeleka chumvi ya Uvinza hadi Kalemie, Kongo, kwa boti. Bandarini kule mmoja anadai karatasi ya mkoa, mwenzake anasema ushuru ni wa Kinshasa. Kongo nani mwenye kauli? Na si wameshaingia Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki?

Mzee wa Gungu: Mdogo wangu, forodha ni ya serikali kuu. Rais anachaguliwa na wananchi, waziri mkuu anatoka upande wenye wabunge wengi; tangu 2024 ni Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza. Ila mikoa ni 26, na kila mmoja una bunge lake, ndilo linalomchagua gavana. Kalemie iko mkoa wao wa Tanganyika, uliomegwa kutoka mkoa wa Katanga 2015. Mkoa nao una kodi zake, ndiyo maana unakuta meza mbili.

Dada Kibirizi: Jumuiya waliingia 2022, na SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tuko nao siku nyingi. Chukua cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, kabla hujapakia, kaka. Ubalozi wao mdogo upo hapahapa Kigoma, waulize. Na kila unacholipa, dai risiti! Wanatuumiza sana wasiotoa.

MwanaUjiji: Shukrani wakuu. Kesho asubuhi naanzia ubalozini.