Starfleet Academy: niendelee nayo, au nimrudishe binti kwenye Star Trek za zamani? Naombeni ushauri

Mkesha wa Nyota (mleta uzi)

Wakuu, naombeni ushauri, na naomba tusikimbilie kubishana. Mimi ni mtu wa Star Trek, zile tamthilia za safari za angani, tangu utotoni. Voyager niliimaliza yote, Deep Space Nine nimeirudia, na Kapteni Picard wa The Next Generation ndiye aliyenionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na mamlaka bila kupayuka. Sasa imekuja hii Starfleet Academy, iliyozaliwa na Star Trek nyingine, Discovery. Tarehe 15 Januari 2026 walitoa episodi mbili kwa mpigo. Nikakaa na binti yangu, tukazimaliza usiku huo huo.

Hadithi nimeielewa. Ni karne ya 32, zaidi ya miaka mia baada ya ule mkasa wa Burn uliolipua vyombo vya angani kila pembe ya galaksi. Chuo cha Starfleet, kile kikosi cha anga, kinafunguliwa upya na kundi la kwanza la makadeti linaingia. Wazo zuri sana. Lakini makadeti wenyewe wanaongea kama vijana wa leo, mizaha ile ile, mapozi yale yale, utadhani hizo karne zote hazijapita. Kapteni Nahla Ake, mkuu wa chuo, anakikalia kiti cha kapteni miguu peku, kajikunja kama yuko kwenye kochi la nyumbani. Muziki unakusukuma ulie kabla hujajua unamlilia nani. Na kila mtu ana jeraha la moyoni ambalo lazima alitaje kabla episodi haijaisha.

Swali langu: niipe nafasi mpaka episodi ya ngapi? Au nimsimamishe binti, tuanze The Next Generation ya 1987 toka mwanzo, ajue mambo yalikotoka? Binafsi naelekea huko. Ya tatu inatoka Alhamisi, kwa hiyo muda sina.

Kidhibiti Mbali

Miguu peku tu ndiyo imekunyima usingizi? Mama wa watu ana zaidi ya miaka mia nne, mwacheni avue viatu.

Mimi Holly Hunter, anayemwigiza Ake, amenikamata kuanzia sentensi ya kwanza. Ile sauti, na vile anavyomtazama mtu muda mrefu kabla ya kumjibu. Paul Giamatti naye kama yule adui, Nus Braka, anapandisha sauti hata pasipohitajika, na nilifurahia kila dakika.

Mzee wa Darubini

Mleta uzi, USITHUBUTU kumwanzishia mtoto msimu wa kwanza wa The Next Generation. Sisi tulioungojea mwaka 1987 tunajua. Ulikuwa na vipande vizuri vichache, waandishi wanaingia na kutoka, Riker, msaidizi wa Picard, hajafuga hata ndevu. Ilisimama sawasawa msimu wa tatu.

Tofauti ni hii, na watu hawaisemi. Wakati ule msimu mmoja ulikuwa na episodi 26. Tamthilia iliruhusiwa kujikwaa mara kumi na bado ikabaki na nafasi ya kujirekebisha. Hawa wamepewa 10 kwa msimu. Ukipoteza mbili za mwanzo kwa kutambulisha wahusika, umeshatumia moja ya tano ya hadithi nzima. Kwa hiyo hukumu ya mapema mnayoitoa inaumiza kuliko tuliyoitoa sisi.

Mwanzishie msimu wa tatu. Akipenda, atarudi mwenyewe nyuma.

Nusu Saa

Mimi niliwasha kwa ajili ya Daktari na si kingine. Robert Picardo amerudi! Yule yule wa Voyager ya 1995 hadi 2001, hologramu aliyeishi karne zote hizo. Na jinsi walivyoeleza uso wake kuzeeka, kwamba amejiwekea programu ya kuzeeka ili watu wenye mwili wasijisikie vibaya mbele yake, nilisimamisha nikacheka peke yangu.

Wengine mtaona ni kitu kidogo. Mimi Voyager niliiangalia nikiwa nesi mpya, zamu za usiku. Daktari wa kule alikuwa programu ya dharura tu: anawashwa shida ikitokea, ikiisha watu wanatoka chumbani wanasahau hata kumzima. Nami nilikuwa naitwa kwa namba ya wodi, jina langu hakuna anayelijua. Episodi anazodai kutambuliwa kama mtu nilikuwa naziangalia nimesimama. Sasa kumwona anafundisha watoto... Sijali kama hadithi nyingine ina kasoro.

Samahani, nimetoka nje ya mada.

Ngazi ya Tatu

Kanuni yangu: tamthilia tanzu, yaani iliyozaliwa na nyingine, ipe episodi tatu, na ukiweza sita. Andor ilipoanza tarehe 21 Septemba 2022 walitoa tatu pamoja, na bado watu walilalamika kwamba haitembei. Ule wizi wa episodi ya sita ulipofika, hao hao wakawa wanaisifu kuliko Star Wars nyingine zote. Torchwood nayo ilianza 2006 ikiyumba, inajitahidi kuonekana ya watu wazima kuliko Doctor Who iliyoizaa. Mwaka 2009 wakaja na Children of Earth, episodi tano kwa usiku tano mfululizo. Ile sijaisahau mpaka leo.

Halafu kuna upande wa pili. Stargate Universe niliivumilia, ikanikolea, wakaikata baada ya misimu miwili, na hadithi ikaachwa inaning'inia mpaka leo. Kwa hiyo uvumilivu nao una hasara zake.

Mama Tulizo

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza. Binti mwenyewe anasemaje?

Mkesha wa Nyota

Ana miaka 14. Ameipenda. Lakini umri huo mtu anapenda chochote chenye rangi. Mzee wa Darubini, nimekuelewa kuhusu msimu wa tatu, ila naona ni vizuri aanze mwanzo kabisa. Episodi 178 si nyingi mkipangilia. Nimeshaandaa orodha.

Mama Tulizo

Ameipenda, na hakuna damu wala uchi wa kukutisha. Sasa shida ni ipi, baba? Unataka kumwondoa kwenye kitu anachokipenda kwa sababu kapteni hana viatu?

Mkesha wa Nyota

Sijasema viatu peke yake. Nimetaja uandishi, muziki, lugha. Mtu aliyekulia kwenye hadithi nzuri ana wajibu wa kumwonyesha mtoto hadithi nzuri. Hilo nalo ni kosa?

Swali Moja Tu

Anapenda nini hasa ndani yake? Jibu hilo tu.

Sauti ya Kale

Hapa ndipo tulipofika, skrini inalea watoto sisi tunapiga makofi. Akiwa na miaka 14 apewe kitabu. Anga lenyewe liko juu ya kichwa chake, amtoe nje usiku amwonyeshe nyota zenyewe kabla ya kumwonyesha za kuchorwa.

Kidhibiti Mbali

Sauti ya Kale, uzi wa vitabu uko mlango wa pili mkuu.

Mimi nilichopenda ni yule Mklingoni, Jay-Den Kraag. Miaka yote Waklingoni, ile jamii ya wapiganaji, ni panga na ngurumo, leo kaja mmoja anayetaka kutibu watu. Ndani ya episodi mbili nimeshamwelewa kuliko wahusika wengine wa misimu mizima. Kama ni kwa ajili yake tu, naangalia mpaka mwisho.

Mkesha wa Nyota

Swali Moja Tu, basi nieleze, ingawa sioni kama inabadilisha kitu.

Mnakumbuka mwanzo wa episodi ya kwanza. Caleb, yule kadeti mhusika mkuu, bado ni mtoto mdogo, mama yake anahukumiwa, wanatenganishwa. Binti anakirudia kile kipande. Anakiangalia kwenye simu bila sauti, kikiisha anarudisha nyuma. Mizaha ya makadeti haimchekeshi, vita vya angani anavipitisha haraka. Anakwenda pale pale. Jana tunaosha vyombo akaniuliza, "Mjomba, Caleb alijuaje aanzie wapi kumtafuta?" Nikamwambia ni tamthilia tu.

Kwa hiyo naona tuisimamishe kidogo. Picard ni salama zaidi kwa sasa.

Fungua Faili

Subirini kwanza. Binti YAKO anakuita MJOMBA?

Nimepitia nyuzi zako za nyuma. Mwaka jana kwenye ule uzi wa kompyuta uliandika kwa mkono wako kwamba huna mtoto. Leo una binti wa miaka 14 anayemlilia mama wa kwenye tamthilia. Wakuu, hii ni hadithi ya kutunga. Amechukua episodi ya kwanza akaivalisha nguo za nyumbani. Kama si hivyo, basi ni mtu wa matangazo.

Ngazi ya Tatu

Mtu wa matangazo anayeiponda bidhaa yake aya nzima? Hata hivyo, hilo la mjomba lina harufu.

Nusu Saa

Mimi nimeeleza maisha yangu ya wodini kwenye uzi wa uongo?

Mkesha wa Nyota

Nilijua itafika hapa, ndiyo maana sikusema mapema.

Ni mtoto wa dada yangu. Sijazaa, na niliyoandika mwaka jana ni kweli. Huyu ninamlea mimi, shuleni naitwa mimi, akiumwa nakesha mimi. Nikimwita binti yangu sijadanganya mtu.

Mama yake yuko hai. Kuna wakati alikuwa hajiwezi, sitaeleza zaidi ya hapo kwa sababu ni dada yangu na namheshimu. Mimi ndiye niliyemwambia amwache mtoto kwangu, na asimpigie mpaka atulie. Si kwa chuki. Alikuwa anaahidi simu, mtoto anakaa na simu mkononi mpaka usiku wa manane, simu haiji. Mara ngapi mtoto avumilie hivyo? Ningeambiwa niamue tena leo, ningeamua vile vile. Namba yake ninayo. Binti hajui kwamba ninayo.

Sasa mnipe ushauri nilioomba: tamthilia.

Fungua Faili

Sasa ndiyo nimeamini kabisa kwamba imetungwa. Aliyemtenganisha mtoto na mama ndiye anayekuja kumlea? Huyo ni Nahla Ake, wakuu! Ake ndiye aliyetoa ile hukumu, miaka 15 baadaye anamchukua Caleb chuoni. Ameacha kubadilisha majina tu.

Mama Tulizo

Fungua Faili, tuseme umeshinda, imetungwa. Mimi nitajibu hivyo hivyo, maana nyumba za namna hii zipo na wanaoishi humo wanatusoma.

Mkesha, umeangalia episodi mbili ukahesabu makosa ya uandishi. Mtoto ameangalia zile zile akaona mtu mzima aliyefanya uamuzi mgumu na hakuuficha. Ake aliacha kazi Starfleet kwa sababu ya hukumu ile. Aliporudi hakumwambia Caleb ni mambo yamepita. Caleb anamjua vizuri ni nani aliyesema lile neno mbele ya mama yake, anamchukia waziwazi, na Ake anaipokea hiyo chuki. Halafu anamwahidi kumsaidia kumtafuta. Kwangu hicho ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye hizo episodi mbili, na wewe hukukitaja hata kwa mstari mmoja.

Mkesha wa Nyota

Sikukitaja kwa sababu nilikuwa naongelea ubora. Na Ake ni jaji wa mamlaka kubwa, mimi nilikuwa kaka jikoni saa nane za usiku. Msitulinganishe. Halafu Ake hakujua mama yuko wapi. Mimi najua, na najua bado hajatulia sawasawa. Nikimpa mtoto namba leo, simu isipopokelewa, nani atakaa naye? Nyie?

Swali Moja Tu

Kwa hiyo swali lako halikuwa la episodi ya ngapi.

Mzee wa Darubini

Naomba niseme kitu. The Next Generation unayoikimbilia ina mtoto Wesley aliyefiwa na baba, na kapteni aliyekuwa na huyo baba siku anakufa ndiye anayemwamuru kila siku. Ina Worf, Mklingoni aliyepoteza wazazi, akalelewa na watu wa sayari nyingine, halafu yeye mwenyewe analetewa mwanawe asijue la kufanya. Data, yule roboti mwenye umbo la mtu, anatafuta aliyemtengeneza. Ukidhani unamhamishia mahali ambapo hakuna anayemuuliza mama yake yuko wapi, umekosea chombo. Hizi tamthilia zimekuwa zikiuliza hivyo toka zamani, na pengine ndizo zilizokulea wewe ukaweza kumchukua mtoto asiye wako.

Ngazi ya Tatu

Mzee leo umeniweza.

Fungua Faili

Bado nasema ni ya kutunga. Ila kama ni kweli, mpigie dada yako kwanza wewe mwenyewe, bila mtoto kujua. Ujue hali ilivyo leo, si ilivyokuwa.

Mkesha wa Nyota

Hilo nitalifanya. Kesho, akiwa shule.

Alhamisi tutaangalia ya tatu. Akirudisha nyuma kile kipande, safari hii nitakaa tukione pamoja, na akiniuliza nitamjibu kinachohusu Caleb na kisichomhusu. Ila muziki wao bado naupinga, na orodha ya 1987 siifuti.

Nusu Saa

Mkiiona hiyo ya tatu msiandike humu kilichotokea. Mimi nina zamu, naiangalia Ijumaa asubuhi.