Mbwa ana miezi 8, nyumbani anatii kila kitu lakini porini ni kama kiziwi

Mgeni_wa_Nyika
Habari zenu wakuu, naomba msaada maana nimefika mwisho. Nina Labrador jike anaitwa Shaba, katimiza miezi 8 wiki iliyopita, nilimchukua ana wiki 9 na toka siku hiyo namfundisha mwenyewe. Nyumbani hana shida, nikisema kaa anakaa, lala analala, njoo anakuja mbio hata kama kuna watu. Shida tukifika porini. Nikimfungua kamba dakika mbili za kwanza yuko vizuri tu, akishapata harufu ya ndege basi imeisha, pua chini, mkia unazunguka, naita njoo, njoo, njoo Shaba, napiga filimbi, hata sikio halitikisiki. Juzi kafukuza kwale mpaka kanipotea machoni kama robo saa nzima, karudi ulimi nje, nikamchapa kidogo na ile kamba tukarudi nyumbani. Jana sasa kanikaribia mpaka kama mita 5 akasimama, akawa ananizunguka, hataki kushikwa kabisa.

Halafu kuna ile shughuli ya kuokota. Nina kigunia cha mazoezi, nikikirusha anakifuata kwa kasi nzuri, anakiokota, ila badala ya kuniletea anaingia nacho kichakani anakitafuna, na nikimfuata ndo anazidi kukimbia. Msimu wa kuwinda ndege unaanza baada ya miezi 3 na nilitaka nitoke naye. Nimechelewa? Kuna jamaa kaniambia ninunue kola ya umeme, ile ukibonyeza rimoti inampa mbwa mshtuko shingoni, mnasemaje?

FilimbiMoja
Hujachelewa mkuu, ila pale ulipomchapa ndo ulipoharibu, nakwambia wazi ili usirudie. Hebu angalia yeye alivyoelewa. Kwale alishasahaulika zamani, akakukumbuka, akarudi kwa miguu yake mwenyewe mpaka mbele yako, akapigwa. Mbwa haunganishi fimbo na jambo la robo saa iliyopita, anaunganisha na alichokuwa anafanya sekunde ile, na sekunde ile alikuwa anarudi kwako. Zile mita 5 za jana ni umbali wa mkono wako pamoja na kamba, kashaupima.

La pili, hilo neno njoo limeshakufa. Kila ulipoliita mara tatu na hakuja, ulimfundisha kwamba ni kelele tu kama za upepo. Liache, tafuta jipya, au tumia filimbi peke yake lakini uanze upya kama vile hajawahi kuisikia. Wengi tunatumia milio mifupi mifupi kumrudisha na mlio mmoja mrefu kumkalisha pale pale alipo. Filimbi za mbwa zina namba ya sauti, nunua mbili za namba moja, ikidondoka moja porini usianze tena kumzoesha sauti ngeni.

Wiki ya kwanza usitoke kabisa. Piga filimbi, weka bakuli la chakula chini, basi. Kila mlo. Ikifika mahali akisikia ule mlio anageuka kabla hajafikiri, hamia uwanja mtupu usio na ndege, na kamba ya mita 10 imefungwa kwenye mkanda wa kifuani, siyo shingoni, maana akifika mwisho wa kamba kwa kasi ataumia shingo. Vaa glavu, kamba ikipita mkononi inachoma. Na usipige filimbi kama huna uhakika wa mambo mawili, ama atakuja, ama unaweza kumvuta taratibu aje. Akiwa pua imezama kwenye harufu nyamaza kabisa, subiri. Kuna sekunde anainua kichwa, anapumua, masikio yanarudi nyuma kidogo, hapo ndo upige, na wewe uanze kukimbia upande wa pili. Akikufikia mshike kola, mpe kipande cha nyama, MWACHIE TENA aende kunusa. Mara 9 kati ya 10 iwe hivyo. Sasa hivi kila akija anafungwa na raha inaisha, hata ningekuwa mimi nisingekuja.

Mkia_Juu
Kuhusu kola ya umeme. Mimi ninayo, naitumia kwa mbwa wangu wa miaka 4 ambaye amri zote anazijua vizuri, na kwa mwezi naweza nisiibonyeze hata mara moja. Kwa Shaba hapana. Hajui kosa lake ni lipi, ukimbonyeza wakati ananusa kwale maumivu yanaungana na harufu ya kwale, utabaki na mbwa anayewakwepa ndege, na huyo kumrekebisha ni kazi kubwa kuliko hii uliyonayo.

FilimbiMoja
@Mkia_Juu hapo kwa Shaba tuko pamoja, ila mimi hata kwa huyo wa miaka 4 nisingeiweka. Wales wameipiga marufuku toka 2010 na bado watu wana mbwa wazuri wa kuwindia kule.

Mama_wa_Spaniel
Kaka mimi niongelee kigunia maana wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo na nililia kwa hasira.

Kwanza acha kumfukuza, leo hii. Kwake huo ndo mchezo wenyewe, ana kitu na wewe unakitaka. Tafuta korido nyumbani, funga milango yote, wewe kaa chini mahali ambapo kitanda chake kiko nyuma yako, rusha kigunia mwisho wa korido. Hana njia nyingine, mbwa mwenye kitu cha thamani anakipeleka kwenye kitanda chake na wewe uko njiani. Akifika USINYOOSHE MKONO kwenye kigunia. Mpapase kifua, chini ya shingo, msifie, mwache akishikilie mdomoni kama nusu dakika. Utaona mwili unalegea, anaanza kuegemea kwako. Hapo ndo unaweka kiganja chini ya taya unasema achia, kwa upole. Ukimpokonya mara moja tu, safari ijayo anakaza meno, na mbwa anayekaza meno ndo huyo kesho anakuletea ndege aliyepondeka.

Michezo ya kuvutana kamba marufuku kwenu nyote, watoto nao waambie. Na usijidanganye kwamba anatafuna kwa sababu ya meno kuota, kwa miezi 8 meno ya utu uzima yameshatoka yote.

Rusha mara 2 au 3 tu, ukaweke kigunia kabatini wakati bado anakililia. Akishakuwa analeta vizuri, rusha 5 ila 3 ukaokote mwenyewe yeye kakaa anaangalia. Hilo la kukaa akitazama kitu kinaanguka bila kukimbilia ndo gumu kuliko yote, na ndo litakuja kumzuia kwa kwale.

Mzee_wa_Upepo
Kijana, hakuna aliyekuuliza upepo ulikuwa unatoka wapi hiyo juzi. Kama ulikuwa mgongoni kwako basi harufu zote zilikuwa zinapelekwa mbele, mbwa akaenda mbali kuzitafuta, lazima. Siku zote anza na upepo usoni, tembea taratibu, mwache apite mbele yako kushoto na kulia, akifika mwisho geuka wewe kwanza naye atageuka. Asizidi umbali wa risasi yako, ndege akiruka mbele zaidi ya hapo hana faida kwako.

Na bunduki, tafadhali sana, usimpeleke mahali watu wanapiga shabaha eti azoee. Mbwa wengi wazuri wameharibikia hapo kwa asubuhi moja. Mtu mwingine asimame kama mita 100, Shaba awe anakimbilia kigunia, upigwe mlio mmoja mdogo. Akiendelea na kazi yake bila kugeuka, siku nyingine msogee kidogo. Akishtuka, rudi nyuma mara mbili. Msimu huu mimi nisingempigia ndege, angetembea tu.

Mgeni_wa_Nyika
Wakuu nimerudi, wiki 3 zimepita. Asanteni sana, kusema kweli lile la kumchapa liliniuma nilivyolisoma, sikulala vizuri.

Filimbi ya bakuli siku ya nne alishaanza kutokea chumba cha mbali kabla sijamaliza kupiga. Kwenye korido kuokota kumekaa sawa, nje bado anazungukazunguka kidogo kabla ya kuja, ila hatafuni tena, kigunia kinafika kimelowa mate tu. Jana upepo ukiwa usoni kashika harufu, nikanyamaza kama mlivyosema, nikahesabu mpaka 11, akainua kichwa, nikapiga, kageuka! Kaja mpaka kanigonga magoti, nimemwachia tena papo hapo. Msimu huu simpigii ndege, nimeshaamua.

Ila hii kamba ya mita 10 inanasa kwenye vichaka kila baada ya hatua chache, mnafanyaje?

Mama_wa_Spaniel
Kata kile kitanzi cha kushikia mwishoni, na kama kuna fundo lolote fungua. Itajitoa yenyewe. Hongera kaka, mpapase Shaba kwa niaba yangu.