Eti yeye ndiye Mhispania pekee asiyepata pensheni! Wakuu, huyu mzee wa Abu Dhabi amenichosha

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnamjua ninayemsema: Juan Carlos, mfalme wa zamani wa Hispania. Amejikalia Abu Dhabi tangu Agosti 2020, kaandika kitabu cha maisha yake, na humo ndani analalamika kwamba yeye ndiye Mhispania pekee asiyelipwa pensheni baada ya kuitumikia nchi karibu miaka 40.

PENSHENI!

Huyu si ndiye yule wa tembo? Mwaka 2012 Hispania ilikuwa inaungua. Karibu mtu mmoja kati ya wanne hana kazi, vijana ndiyo usiseme, zaidi ya nusu wako mtaani. Yeye mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba ukosefu wa ajira kwa vijana unamnyima usingizi. Haikupita muda akapanda ndege na bunduki, huyoo Botswana kuwinda tembo. Wananchi hawakuambiwa kitu! Walijua kwa sababu alianguka huko huko, nyonga ikavunjika, akarudishwa Madrid kupasuliwa. Ile nyonga ingekuwa nzima, hadi leo tusingejua lolote. Na hapo ni rais wa heshima wa WWF Hispania, shirika la kulinda wanyama! Ikafukuliwa na picha ya uwindaji wake wa zamani: kasimama kifua mbele na bunduki yake, nyuma tembo mzima kalala amekufa, kichwa kimebanwa kwenye shina la mti. Niliiona mwaka ule na bado ninayo kichwani.

Akatoka chumbani hospitalini na magongo, akasema anasikitika sana, amekosea, halitatokea tena. Basi, yameisha. Mtoto wa shule akivunja dirisha anatoa maelezo marefu kuliko yale.

Leo mtu huyo huyo anadai PENSHENI.

Dola milioni 100 kutoka kwa mfalme wa Saudia mwaka 2008, zikaingia Uswisi, anasema ni zawadi aliyoshindwa kuikataa. Kodi ndiyo usiguse. Waendesha mashtaka walipomkaribia, Februari 2021 akailipa serikali karibu yuro milioni 4.4 za kodi ya nyuma na nyongeza zake. Mtu aliyekuwa na deni la kodi la mamilioni analia kuhusu pensheni! Machi 2022 jalada likafungwa: mengine yamepitwa na wakati, mengine alilindwa na Katiba, maana Kifungu cha 56 kinasema mfalme hashtakiwi, na hadi anang'atuka Juni 2014 alikuwa ndani ya ngao hiyo. Miezi miwili baadaye yuko Sanxenxo, mji wa pwani huko Hispania, kwenye mashindano ya mashua. Mwandishi anamuuliza dirishani mwa gari kama atatoa maelezo. Anacheka. "Maelezo ya nini?"

Halafu pensheni. Wakuu, pensheni!

Kisu Butu: Nakazia mkuu. Na asitudanganye, posho alikuwa nayo. Zaidi ya yuro 190,000 kwa mwaka, hadi Machi 2020 mwanawe mwenyewe, Mfalme Felipe, alipoikata, siku ile ile aliyotangaza kwamba urithi wa baba yake hautaki. Ukiona mtoto anakataa urithi, jua urithi unanuka.

Mama Hekaheka: Mleta uzi, umekasirika kuliko Wahispania wenyewe. Kunywa maji kwanza. Wewe ni ndugu wa tembo?

Nyuki Mkali (mleta uzi): Mama Hekaheka, naam, kwa hili mimi ni ndugu wa tembo na sioni haya. Yule tembo alikuwa na pensheni?

Mzee Kinara: Vijana mna haraka ya kusahau. Februari 23, 1981 askari waliotaka kupindua serikali waliingia bungeni Madrid na bunduki, wabunge wakalala chini ya viti. Nani alitokea kwenye televisheni usiku wa manane na sare za jeshi akasema ameamuru jeshi liilinde Katiba? Ni huyo huyo. Mpeni haki yake.

Nyuki Mkali (mleta uzi): Shikamoo mzee wangu. Haki yake ya usiku ule nampa yote. Lakini usiku mmoja wa 1981 ndiyo apewe tembo, milioni 100 na PENSHENI?

Kisu Butu: Mzee Kinara, na mkwe wake naye alizima mapinduzi gani? Jela aliingia 2018, kahukumiwa miaka mitano na miezi kumi, kwa kufuja fedha za umma.

Binti Kalamu: Angalau wa kwenu kuna aliyelala ndani. Njooni kwetu tunaomfuatilia yule wa Windsor, Andrew, mdogo wa Mfalme Charles wa Uingereza. Novemba 2019 kaketi kwenye kasri ya mama yake mbele ya kamera, anasema siku anayodaiwa kumdhulumu msichana kingono alikuwa amempeleka binti yake kula piza mji wa Woking. Na eti hakuwa akitoka jasho kama msichana alivyosimulia, kwa sababu ya vita vya Falklands alivyopigana! Februari 2022 kesi ikamalizwa kwa malipo nje ya mahakama, amekana hadi leo. Nyumba ya vyumba 30 kakaa humo zaidi ya miaka 20, hadi Oktoba 2025 kaka yake alipomvua uanamfalme na kumwambia afungashe. Nyie mnalilia tembo, huku mwanamke aliyemshtaki kaingia kaburini akidai haki.

Debe Tupu: Mimi hiyo ya jasho ndiyo nimeshindwa. Kuna daktari humu? Mtu anaweza kukauka jasho kwa sababu ya vita?

Mama Hekaheka: Mume wangu hatoki jasho na vita hajaviona.

Nyuki Mkali (mleta uzi): Jamani turudi kwenye PENSHENI!

Shangazi wa Ikulu: Mnasahau Denmark. Wale wajukuu wanne wamefanya kosa gani? Bibi yao, malkia wa wakati ule, kaamka 2022, katangaza kuanzia Januari 2023 si wana wa mfalme tena. Watoto hawajaua tembo, hawajala hela ya mtu, wamevuliwa. Huyu wa Abu Dhabi na yote hayo bado anaitwa mfalme wa heshima!

Binti Kalamu: Shangazi, usilinganishe. Wale wamebaki na ukaunti, cheo cha kimwinyi kilicho chini ya mwana wa mfalme.

Shangazi wa Ikulu: Ukaunti unasaidia nini dada? Kaunti atakula cheo? Fungua uzi wako wa Windsor, huu tuachie wa Denmark.

Debe Tupu: Daktari bado hajafika?