Riwaya fupi, katuni au magazeti ya vijana: kipi kinafaa klabu ya afya sekondari?

Mwl_Ziwani
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari ya kata huku kanda ya ziwa na ndiye mlezi wa klabu ya afya. Wazazi wamechanga hela kidogo ya vitabu vya klabu, nataka stori sio vitabu vya somo, vya somo wanavyo na hawavifungui mpaka mtihani ukaribie. Sasa niko njia panda. Kuna riwaya fupi, naweza kupata kopi kumi na tano, binti wa kidato cha pili anapata mimba, Kiswahili chake kizuri kweli. Kuna katuni za rangi, kwa hela hiyohiyo napata kopi mara mbili ila visa vyake vifupi vifupi. Na mwalimu mwenzangu anasema niachane na vyote nitafute magazeti ya vijana aina ya Fema, yana visa vya watoto wa shule na maswali na majibu. Wangu ni kidato cha kwanza na cha pili, Kiingereza bado kinawasumbua kwahiyo nataka Kiswahili. Kipi kinasomwa kweli na kipi kinaishia kabatini?

MamaMaktaba_Msa
Mwalimu hujambo. Mie niko na maktaba ya shule huku Mombasa, nakwambia katuni ndiyo inayotoka mwanzo rafuni na ndiyo inayorudi imechakaa. Sisi Kenya tuna Shujaaz tangu 2010, yule Boyie kijana asiye na kazi anayerusha redio yake kisirisiri, vijana wanampenda kwa sababu anaongea kama wao. Lakini Sheng yake, ile lugha ya mtaani, ni ya Nairobi, wako huko ziwani wataachwa nyuma kwahiyo usiagize bila kuisoma.
Kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Wasichana watatu na kopi moja, kisa cha mtoto ambaye hedhi yake ya kwanza inamkuta darasani, anafunga sweta kiunoni na anabaki amekaa wenzake wote watoke. Walisoma mpaka mwisho wakarudi tena kwenye ule mchoro wa sweta, mmoja kauweka mkono juu ya ukurasa wavulana wasione. Halafu mkubwa wao akaja kuniuliza pedi za serikali zinagawiwa siku gani. Sijawahi kuona kitabu cha somo kikileta mtoto mezani kwangu namna ile.

NesiMstaafu
Naunga mkono katuni ila jamani someni ukweli ulioandikwa ndani kabla ya kuangalia rangi. Nilishaletewa na walimu stori ya kijana wa mvuvi, kijiji kando ya Ziwa Victoria, anaogelea, anaanza kukojoa damu. Imeandikwa vizuri mpaka unamwonea huruma. Lakini kichocho cha ziwani ni cha tumbo, kinaharisha, kinatoa damu kwenye choo kikubwa, kikikaa sana kinaharibu ini na tumbo linajaa maji. Cha mkojo ndicho cha ukanda wa Pwani na Unguja na Pemba na baadhi ya sehemu za bara zenye madimbwi. Mtoto wa ziwani akisoma ile stori atasema mimi sikojoi damu basi niko salama, na dawa za kichocho zikija shuleni anazikimbia.
Na visa vya kubakwa ndio usiseme. Binti analia kurasa kumi, shangazi anamshauri avumilie, na hakuna mahali popote panaposema awahi kituo cha afya ndani ya saa 72 ili aanze dawa za kuzuia VVU anazomeza siku 28. Mwandishi kaacha kitu kimoja ambacho kingemwokoa msomaji.

kalamu_ya_usiku
Mnaionea riwaya bure. Katuni inakupa taarifa, kurasa nne imeisha, lakini mtoto hajakaa na mtu. Nyie wa umri wangu mnaukumbuka ule mchezo wa redio Twende na Wakati wa Radio Tanzania, ulianza 1993, Mkwaju dereva wa malori na mkewe Tunu. Dodoma hawakurushiwa miaka miwili ya mwanzo makusudi ili watafiti walinganishe, na kule uliposikika ndiko watu walikobadilika zaidi kwenye uzazi wa mpango na kondomu. Ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa MREFU, unaishi na Mkwaju wiki kwa wiki unaona anavyoharibikiwa na unaona Tunu anavyoamka. Kijana wa miaka 15 anahitaji muda huo huo na binti wa kwenye riwaya, amchukie, amsamehe, agombane na rafiki yake kuhusu yeye. Mwalimu kopi kumi na tano zinatosha, wasome wawili wawili kwa sauti.

Baba_Wawili
Samahani kuna mtu ameona kitabu hata kimoja ambacho mvulana ndiye mwenye mwili? Nina watoto wa kiume wawili sekondari, kila stori ya afya mvulana ni yule aliyempa mtu mimba akakimbia. Kubalehe kwake, ndoto za usiku, kuona aibu kwenda kliniki akiumwa huko chini, hakuna.

NesiMstaafu
Baba Wawili umesema kweli, wavulana tunawaona wakishazidiwa.

Mpole_wa_Moro
Mwalimu shikamoo. Naomba nichangie kama niliyekuwa mwanafunzi, nina miaka 22. Mimi nimezaliwa na VVU. Kidato cha pili tulisomeshwa riwaya kwenye klabu ya afya, dada mmoja mzuri sana anapenda starehe, anapata ukimwi, anakonda anatengwa anakufa, na mwisho wa kitabu ni kaburi. Ilisomwa kwa sauti darasa zima na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemeza dawa zangu. Watu walitoka wakisema unaona, ukiupata ndio basi. Kile kitabu kilichapwa kabla ya 2004 serikali haijaanza kutoa ARV bure, kwahiyo mwandishi hakudanganya, enzi zake ndivyo ilivyokuwa. Ila sisi tulisomeshwa kama habari ya leo. Leo ninameza kidonge kwa siku, virusi havionekani kwenye kipimo, na mtu ambaye havionekani hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Nikakaa mwaka mzima siwezi kumwambia hata rafiki yangu wa dawati moja.
Kwahiyo mimi sishindanishi riwaya na katuni. Angalia mwaka wa kuchapwa halafu fungua sura ya mwisho, uone mhusika anayeumwa anapewa nini. Kama anapewa kifo tu, darasani mwako kuna mtoto anajisoma yeye mwenyewe pale.

kalamu_ya_usiku
Dada asante kwa kuandika hili. Hapo sina la kubisha.

Mwl_Ziwani
Marahaba mwanangu, nimekusoma mara mbili. Nimekwenda kuifungua ile riwaya ya kwangu sasa hivi. Binti anafukuzwa shule sura ya saba, anaishia baa mjini, kitabu kinaisha. Imechapwa kabla ya Novemba 2021, maana yake haijui kabisa kwamba mtoto akishajifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Ninaye mmoja kidato cha pili amerudi mwaka huu, anakaa dawati la mbele. Siwezi kumsomesha kile kitabu mbele yake.
Naelekea magazeti pamoja na katuni chache, ila hoja ya kalamu kwamba mtoto anahitaji stori ndefu bado inanisumbua.

kalamu_ya_usiku
Nunua kopi tatu tu za hiyo riwaya, wasome wale wakubwa mpaka sura ya sita, kisha waiandike ya saba wenyewe. Binti amejifungua, Januari inafika, nani anamlea mtoto saa za masomo, sare ya zamani inamtosha? Mimi nafundisha uandishi na vijana wanapenda kazi ya namna hiyo kuliko insha. Ila muulize kwanza huyo binti wako pembeni, akisema hataki acha kabisa.

MamaMaktaba_Msa
Na uweke boksi la maswali, bila majina. Kwangu maswali ya maana yote yanatoka kwenye boksi, mdomoni hayatoki.

Baba_Wawili
Waambie wavulana waandike sura ya yule kijana pia, yuko wapi Januari hiyo.

NesiMstaafu
Mwalimu sura zikishaandikwa nitumie picha inboksi kabla hazijasomwa klabuni, nitapitia dawa na tarehe za kliniki. Na chomeka mahali mdogo wake anachomwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2024 kwetu ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, wazazi wengi bado wanadhani ni mbili na kuna wanaodhani inaua kizazi.

Mwl_Ziwani
Nitakutumia mama. Ijumaa klabu inakaa, binti nitaongea naye kabla, nikiwa na mwalimu wa malezi.