Msaada: "rationalize" na "justify" vinatofautianaje?

Mfasiri_Mchanga: Wakuu, habari zenu. Natafsiri makala ya saikolojia, nimekwama kwenye "he rationalized his drinking". Niliandika "alihalalisha unywaji wake", mhariri kanirudishia akisema hiyo ni justify. Kamusi yangu inaviweka vyote kapu moja. Naombeni ushauri.

Mzee wa Sarufi: Mhariri yuko sahihi. Justify ni kutoa sababu kuonyesha kwamba jambo lilistahili kufanywa, na sababu hizo zaweza kuwa za kweli kabisa. Rationalize ina shutuma ndani yake: mtu katenda kwanza, sababu kaitafuta baadaye, na wa kwanza kudanganyika ni yeye mwenyewe. Ernest Jones ndiye aliyeiingiza maana hiyo kwenye saikolojia mwaka 1908. Kwa hiyo usije ukamwandikia bosi "let me rationalize my absence", utakuwa umejishtaki! Hapo sema explain. Halafu, justify ikifuatwa na kitenzi kingine, kiishie na -ing: "justify leaving", si "justify to leave".

Kidole Tumbo: Kumbe ndiyo ile ya sungura, sizitaki mbichi hizi 😂

Bi Fasaha: Hasa! Ila msiisahau excuse. Mwanafalsafa J. L. Austin aliitenganisha vizuri na justify mwaka 1956. Ukisema "nilimsukuma ili gari lisimgonge", hiyo ni justify: umetenda, na unadai ulifanya sawa. Ukisema "nilimsukuma kwa sababu niliteleza", hiyo ni excuse: unakubali kitendo kilikuwa kibaya, ila lawama zote zisikuangukie.

Mpiga Hesabu: Angalia na muktadha, mkuu. Kwenye habari za biashara, rationalize ni kupanga kampuni upya, na mara nyingi watu hupoteza kazi. Kwenye hesabu ni kuondoa kipeuo kwenye asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini.

Mfasiri_Mchanga: Shukrani sana. Sasa nikiandika "alitafuta visingizio vya kunywa"?

Mzee wa Sarufi: Bado kidogo. Kisingizio mtu humpa mwenzake huku akijua ni uongo. Huyu wako anaamini anachokisema. Mimi ningeandika "alijiaminisha kwamba ana sababu ya kunywa".

Mfasiri_Mchanga: Hiyo naichukua, mzee wangu. Namtumia mhariri sasa hivi.